Pilipili za dukani: maswali yenu na majibu yangu

Mwezi uliopita niliandika mistari michache kuhusu pilipili za chupa, nikasema kuwasha ni jambo rahisi, kila pilipili inawasha. Kinachotofautisha chupa nzuri na mbaya ni uchachu wake. Barua zikamiminika. Waliouliza jambo lile lile nimewajumlisha pamoja.

Nimehamia chumba changu mwenyewe na mfuko unaniruhusu chupa moja tu. Ninunue ipi? – Msomaji, Kinondoni

Hongera kwa kuanza maisha, kaka. Kabla sijakutajia chupa, jiulize jioni unakula nini.

Kama ni wali maharage, ugali dagaa, chipsi mayai au mihogo ya kukaanga, unahitaji sosi nzito inayong'ang'ania chakula. Hapo chili sosi ya Dabaga, inayotengenezwa Iringa, inakutosha kabisa. Mimi nimekua nayo mezani na mpaka leo haikosekani kwangu. Ungekuwa Kenya ningekwambia uanze na Peptang.

Lakini kama wewe ni mtu wa supu, makongoro asubuhi na chapati mbili, sosi nzito itakuharibia bakuli. Inaleta utamu wa nyanya mahali ambapo hukuuhitaji, na supu inageuka rangi kama rojo la jana. Supu inataka pilipili ya majimaji yenye siki. Tabasco ndiyo mfano wake mkubwa. Inatengenezwa Avery Island, jimbo la Louisiana, Marekani, tangu 1868, na ndani yake kuna vitu vitatu tu: pilipili, siki na chumvi. Pilipili zinasagwa na chumvi, zinalazwa kwenye mapipa ya mwaloni hadi miaka mitatu, kisha ndipo zinachanganywa na siki. Kichupa cha mililita 60 kinaonekana ghali, ila unakitumia kwa matone, na kinakaa miezi.

Nikilazimika kukuchagulia moja? Chukua ya Iringa, na chenji inayobaki nunua ndimu. Ndimu itaibeba hiyo sosi hata kwenye supu.

Mwanangu, wajukuu wananiletea chupa za kila aina na maandishi yake ni madogo kama chawa. Nitazame nini hasa? – Bibi, Tanga

Shikamoo bibi. Waambie wajukuu wakusomee orodha ya viambato tu, mengine waache. Orodha hiyo inapangwa kwa uzito: kilicho kingi kinatajwa kwanza, kilicho kidogo kinatajwa mwisho.

Jumamosi nilisimama kwenye duka la mtaani kwetu, pembeni ya friji la soda, nikaokota chupa yenye picha ya pilipili nyekundu tatu zinazowaka moto. Nikageuza nyuma: maji, sukari, nyanya ya kopo, siki, wanga, chumvi, pilipili. Pilipili ilikuwa ya saba, nyuma ya chumvi! Sasa bibi, chumvi kwenye sosi ya namna hii huwa gramu chache tu katika kila gramu 100. Kama pilipili iko nyuma yake, basi ni pungufu ya hizo gramu chache. Hiyo ni sosi ya sukari iliyopitishiwa pilipili juu juu, na kinachoifanya iwe nzito ni wanga.

Linganisha na Sriracha ya Huy Fong, ile ya jogoo na kifuniko cha kijani, ambayo David Tran, mkimbizi kutoka Vietnam, alianza kuitengeneza Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1980. Orodha yake inaanza na pilipili, halafu sukari, chumvi, kitunguu saumu na siki. Dawa za kuhifadhi zinakuja mwishoni. Kwa hiyo namba za dawa za namna hiyo, kama 202 na 211, zisikutishe. Hizo ni za kuzuia ukungu, na 415 ni ya kuzuia maji yasijitenge. Hata maji kuwa ya kwanza si dhambi. Valentina ya Meksiko inaanza na maji, ila pilipili inafuata papo hapo. Tazama pilipili imekaa nafasi ya ngapi.

Rangi nyekundu mno nayo isikuvutie. Mwaka 2005 Uingereza waliondoa madukani mamia ya vyakula baada ya rangi ya Sudan I, isiyoruhusiwa kwenye chakula, kukutwa ndani ya unga wa pilipili uliotumika kutengenezea sosi. Pilipili iliyosagwa na kukaa inaelekea rangi ya tofali. Ikiwa inang'aa kama rangi ya mdomo, uliza maswali, na hakikisha chupa ina alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Na kama una presha, bibi, kwenye jedwali la nyuma tafuta mstari wa sodiamu. Sosi nyingi chumvi yake ni kubwa kuliko ulimi unavyokwambia, kwa sababu sukari inaificha.

Rafiki yangu alirudi kutoka Kigali na kichupa kama cha dawa ya macho kinachoitwa Akabanga. Nikamimina kwenye wali kama nilivyozoea. Nilikunywa maji lita nzima na bado nililia. Nilikosea wapi? – Msomaji, Bukoba

Pole sana, na hauko peke yako. Barua tatu zimesema hivyo hivyo.

Akabanga haimiminwi kama sosi. Ni mafuta ya pilipili, na pilipili zake ni za ukoo wa pilipili mbuzi. Inatengenezwa na kampuni ya Sina Gérard pale Nyirangarama, kwenye barabara ya Kigali kwenda Musanze, ambako mabasi husimama abiria wakanunua vya kula. Jina lenyewe kwa Kinyarwanda ni siri ndogo. Kile kichupa kimetengenezwa kudondosha kwa sababu wametaka udondoshe. Tone moja kwenye sahani.

Kosa la pili ni maji. Kinachowasha kinaitwa kapsaisini, nacho hakiyeyuki kwenye maji, kinayeyuka kwenye mafuta. Ulipokunywa maji ulikisambaza mdomo mzima. Ungekunywa maziwa au mtindi, mafuta na protini zake zingekizoa ulimini. Na ulimi wako haukuungua, ingawa ungeapa umeungua. Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake waligundua kwamba kapsaisini inabonyeza kile kile kinachohisi moto kwenye neva zetu, kwa hiyo ubongo unaletewa taarifa ya moto ambao haupo. Ugunduzi huo ulichangia kumpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2021.

Usikitupe kichupa. Dondosha matone mawili kwenye sufuria ya maharage ya nazi ya watu wanne, dakika ya mwisho kabla ya kuipua. Tui linaipokea ile pilipili na kuitandaza. Unapata joto linalopanda polepole badala ya kofi la uso.

Vidonda vya tumbo vinaletwa na pilipili? – Msomaji, Singida

Hapana. Vingi vinaletwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobeli mwaka 2005 kwa kulithibitisha hilo. Vingine vinaletwa na dawa za maumivu zikitumiwa kwa muda mrefu. Ila mwenye vidonda tayari anaweza kuumia zaidi akila pilipili. Kama tumbo linakuuma mara kwa mara, kapime, usibaki kubadilisha chupa.

Huku supamaketi ina rafu nzima ya pilipili na sijui moja. Nataka ya mishkaki inayonikumbusha nyumbani. Na hii salsa wanayokula na chipsi za mahindi ni nini? – Msomaji, Minneapolis, Marekani

Swali lako limenifurahisha, maana nyumbani kwa pilipili ni huko huko Amerika. Zilivuka bahari na Wareno, zikafika kwetu. Kwa hiyo unachotafuta ni ndugu wa zile ulizoziacha.

Pilipili mbuzi ni spishi moja na habanero. Tafuta chupa iliyoandikwa El Yucateco, inatoka Yucatán, Meksiko. Ina ile harufu ya matunda inayokupanda puani kabla ukali haujafika, na ndiyo utakayoikumbuka. Pilipili kichaa nayo ni spishi moja na pilipili ya Tabasco. Hiyo ya jogoo niliyomtajia bibi ni nzuri kwa tambi na mayai, lakini kwa mishkaki naiona ina utamu mwingi.

Halafu nunua Valentina, ile ya lebo ya njano. Wameksiko wanaimwagia kwenye embe lililokatwa, na wewe unajua embe mbichi lenye chumvi na pilipili pale Coco Beach, sihitaji kueleza zaidi. Lebo nyeusi ni kali kuliko ya njano.

Kwa mishkaki fanya hivi: pita duka la Wameksiko uulize tamarindo. Ni ukwaju wetu. Loweka, kamua, changanya rojo lake na vijiko viwili vya El Yucateco, chumvi na kitunguu saumu kilichotwangwa. Nusu ilalie nyama usiku kucha, nusu ibaki ya kuchovya.

Salsa ni neno la Kihispania, maana yake sosi tu. Ile ya mtungi wa kioo, kama Pace iliyoanzishwa na David Pace huko San Antonio, Texas, mwaka 1947, ni kama kachumbari iliyopikwa: nyanya, kitunguu, pilipili za jalapeño na siki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 salsa iliipita kechapu kwa mauzo ya fedha nchini Marekani. Kwangu mimi ya mtungi ina ladha ya kupikwa kupita kiasi. Tazama kwenye sehemu ya baridi, karibu na mboga, wana inayoitwa pico de gallo: nyanya, kitunguu, pilipili, giligilani, ndimu, vyote vibichi. Ukiionja utacheka, maana ni kachumbari yako kabisa. Ya kijani inatokana na tomatillo, tunda linalofanana na nyanya mbichi lenye uchachu wake. Hiyo jaribu na kuku.

Ni lazima sosi ikae kwenye friji? – Msomaji, Nairobi

Za siki tupu kama Tabasco zinakaa kabatini. Za nyanya, ukishafungua, ziweke kwenye friji, na salsa ya mtungi uimalize ndani ya wiki moja au mbili. Chupa ikivimba kabla hujaifungua, itupe bila kuionja. Na tafadhali, kitunguu saumu na pilipili mbichi ndani ya mafuta, mnavyotengeneza wenyewe nyumbani, msiviache mezani kwa siku nyingi. Mafuta yanazuia hewa, uchachu hakuna, na bakteria wa sumu ya botulini anapenda mazingira hayo hayo.

Hii peri-peri wanayoiuza ghali hivi, si pilipili yetu? – Msomaji, Mombasa

Ni neno letu, limepita mdomoni mwa Wareno wa Msumbiji likarudi na lafudhi. Nando's, wale wa mikahawa ya kuku, walianza mwaka 1987 Rosettenville, Johannesburg, na chupa zao ndizo zilizolisambaza jina hilo duniani. Lakini hata sisi tuliliazima: pilipili ni neno la zamani lililokuja na biashara ya Bahari ya Hindi likimaanisha pilipili manga, na tunda la Amerika lilipofika pwani likapewa jina lililokuwepo. Chupa yenyewe ina ndimu na kitunguu saumu, na kwa kuku wa kuchoma inastahili sifa. Kwa viazi karai usipoteze pesa; chatne ya ukwaju ya mtaani kwako inaishinda.

Nauza chipsi. Nanunua dumu la chili la lita 5, naongeza maji ili lifike wiki nzima. Wateja wanalalamika pilipili haina ladha. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

Asante kwa kusema ukweli, dada, na nitakujibu kwa ukweli pia. Maji yanapunguza ukali, lakini kibaya zaidi yanapunguza uchachu, na uchachu ndio unaoilinda sosi isiharibike. Niliwahi kula kwenye kibanda kimoja ambako chupa ilitoa mlio wa soda ilipobonyezwa. Ilikuwa imechacha, juani, saa nane mchana. Nililala hoi siku mbili.

Badala ya maji ongeza ukwaju. Chemsha robo kilo kwenye lita moja ya maji mpaka ulainike, vuruga, chuja. Twanga pilipili mbuzi sita na kichwa kimoja cha kitunguu saumu, tia humo pamoja na chumvi na nusu kikombe cha siki, rudisha jikoni ichemke dakika 15. Ikipoa, changanya nusu kwa nusu na sosi ya dumu. Tengeneza ya siku mbili tu, uiweke kwenye friji au kwenye boksi lenye barafu. Chupa za mezani zioshe kila usiku kwa maji ya moto, na usiongeze sosi mpya juu ya mabaki ya jana.

Utakuwa na chachandu yenye ladha yako mwenyewe, na dumu litafika wiki bila kulizimua kwa maji matupu. Sahani ya kwanza mpelekee yule mteja aliyelalamika zaidi.