Redio ya mkononi kwa safari za porini: maswali yenu

Tangu nitaje redio za mkononi, na kusisitiza leseni zake, katika makala ya misafara ya magari, maswali yaliyokuja ni mengi kuliko yale ya matairi na winchi. Yanayofanana nimeyaunganisha, na majina ya waliouliza nimeyaacha.

Nilinunua redio mbili za Baofeng UV-5R, muuzaji akaniapia zinafika kilomita 15. Tukielekea Loiyangalani, kilima kimoja tu kilipoingia kati, mwenzangu hakusikika tena. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Nakuru)

Huenda redio zako ni nzima kabisa. Mawimbi zinayotumia, yaani VHF na UHF, husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga wa tochi. Penye mlima kuna kivuli, na mwenzako alikuwa ndani ya kivuli hicho.

Hata pasipo na mlima, mviringo wa dunia unakuwekea kikomo, na kikomo hicho unaweza kukipigia hesabu mwenyewe. Chukua urefu wa antena kutoka ardhini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4. Jibu ni kilomita, takriban, hadi kwenye upeo wa redio yako. Mtu aliyesimama, antena ikiwa mita moja na nusu kutoka chini, anafika kama kilomita 5. Mwenzake naye ana zake 5. Kwa hiyo watu wawili waliosimama katikati ya Chalbi, ambako ni tambarare tupu kati ya Maikona na North Horr, wataanza kupotezana wakiachana kilomita 10 hivi. Mmoja akipanda kilima cha mita 100, upeo wake peke yake unakuwa kilomita 40, na hajaongeza nguvu yoyote kwenye redio. Muuzaji wako angeweza kuapa 50 na bado asingekosa mahali pa kuonyesha kwamba ni kweli.

Mfano ninaoupenda ni Kituo cha Anga cha Kimataifa. Kinazunguka kama kilomita 400 juu yetu, na wenye leseni huweza kuzungumza nacho kwa redio ya mkononi ya wati 5 kinapopita, kwa sababu hakuna kitu katikati. Wewe umeshindwa na kilima ambacho mbuzi anakipanda kwa nusu saa.

Jambo jingine: kama mlikuwa mnaongea mkiwa ndani ya magari, vioo vimefungwa, bodi ya chuma ilikuwa inazuia sehemu kubwa ya mawimbi yenu. Shuka, simama juu ya bampa ikibidi, shika redio wima. Ukiilaza, antena yako na ya mwenzako hazilingani tena na sauti inafifia.

Basi si nitafute ya wati 10? (Huyo huyo)

Hapana. Kutoka wati 5 kwenda 10 ni tofauti ambayo sikio haliisikii sana, ila betri inaisikia. Pesa hiyo ipeleke kwenye antena.

Ile fupi ya mpira inayokuja na redio imetengenezwa itoshe mfukoni, haikutengenezwa ifike mbali. Kwenye masafa ya megahezi 145, antena ya robo ya wimbi inataka karibu nusu mita. Nunua ya sumaku yenye waya, ibandike katikati ya paa, waya upitishe mlangoni hadi kwenye redio yako. Bati la paa lenyewe linafanya kazi kama nusu ya pili ya antena, ndiyo maana katikati ni bora kuliko pembeni. Angalia vichwa vya kuunganishia kabla ya kulipa: UV-5R ina kichwa cha SMA cha kiume, redio nyingi za Yaesu zina cha kike, na antena ya moja haiingii kwenye nyingine bila kiunganishi.

Wenye Land Rover Defender za zamani, poleni. Bodi ni ya alumini na sumaku haishiki. Paa la fibaglasi nalo halishiki, na hata ukiifunga antena hapo kwa gundi, haina bati la kuegemea. Tafuteni fundi awachomelee kishikio kwenye keria.

Tumekaa mita 20 tu, kila mmoja anaona taa ya mwenzake ikiwaka lakini hakuna sauti. (Msomaji, Dodoma)

Namba za masafa mlizoweka zinafanana, lakini mmewasha toni zisizolingana. Redio hizi zina toni ndogo, CTCSS, inayotumika kama kufuli: redio haifungui spika mpaka isikie toni iliyowekewa. Zimeni toni kwa zote mbili. Zimeni pia mpangilio wa ripita, yaani kituo kinachopokea sauti na kuirusha upya, unaofanya redio irushe kwenye masafa tofauti na yale inayopokelea. Kisha tumieni kebo ya kuprogramu na programu ya bure iitwayo CHIRP ili redio zote za msafara ziwe na orodha moja ya chaneli, kwa mpangilio ule ule. Kazi hiyo ifanyike nyumbani, jioni ya kabla ya safari. Kuminya vitufe kwenye menyu ya UV-5R huku jua la Ziwa Natron likikuchoma kisogo ni adhabu ambayo simtakii mtu.

Zinauzwa wazi madukani. Kwa nini basi wewe unasisitiza leseni? (Msomaji, Morogoro)

Kwa sababu duka linauza kifaa, haliuzi ruhusa ya kurusha. Ruhusa inatoka kwa mamlaka: TCRA Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, UCC Uganda. Redio ya ridhaa, yaani ya wanaoifanya kwa kupenda na si kwa biashara, ni huduma inayotambuliwa duniani kote, ina masafa yake, na kwa kanda yetu ya Afrika na Ulaya masafa mawili yanayotuhusu hapa ni megahezi 144 hadi 146 na 430 hadi 440. Ukipata leseni unapewa alama ya wito ambayo ni yako peke yako. Ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo ya Kinshasa 9Q.

Sasa tazama redio uliyonayo. UV-5R ya kawaida inarusha kuanzia 136 hadi 174, na kuanzia 400 hadi 520. Humo ndani wamo walinzi, idara za serikali, na chaneli 16 ya baharini, 156.8, ambayo nahodha anaitumia kuomba msaada chombo kikienda mrama. Redio haitakuuliza una haki ya kuwa hapo au huna. Mtu aliyebonyeza kitufe kwa kujaribu akiwa ufukweni Bagamoyo anaweza kumfunika mvuvi anayezama, na hatajua kamwe. Hii ndiyo sababu yangu kubwa, kuliko faini.

Nenda kwa mamlaka kabla ya kwenda dukani, maana kifaa chenyewe pia kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa, na ukiagiza nje forodha watakuuliza karatasi. Kenya kuna chama cha wanaredio, ARSK, ambacho ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Na leseni ya Kenya inaishia Namanga. Ukivuka unahitaji kibali cha upande wa pili, na redio zitangaze mpakani badala ya kuzificha chini ya kiti.

Mimi ni dereva wa watalii Arusha. Nikipata leseni ya ridhaa naweza kuitumia kazini? (Msomaji, Arusha)

Hapana, kaka. Ridhaa maana yake hakuna biashara, hata ya kumwambia mwenzako simba wako wapi kama mgeni amelipia kuwaona. Kampuni yako iombe masafa ya biashara. Zile redio mnazopashania habari za wanyama kwa majina yenu ya kuficha zinapaswa kuwa kwenye leseni ya namna hiyo. Kwenye ridhaa hata lugha ya kuficha maana hairuhusiwi. Kiswahili cha wazi, karibu sana.

Niko Denver, natoka na marafiki kwenda Moab, Utah, kila kiangazi. Si raia. Naruhusiwa? Na nikirudi likizo Kenya nije na redio? (Msomaji, Colorado)

Uraia hauulizwi. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inamkatalia tu mwakilishi wa serikali ya kigeni. Mtihani wa ngazi ya kwanza, Technician, una maswali 35 na kufaulu ni 26. Maswali yote yanayoweza kutolewa huchapishwa hadharani pamoja na majibu, kwa hiyo anayefeli mara nyingi ni aliyekuwa na haraka. Ada ya FCC ni dola 35 na leseni hudumu miaka 10.

Lakini kama marafiki zako hawana hamu ya mtihani, fikirieni GMRS, huduma nyingine ya redio za mkononi na za magari huko Marekani. Haina mtihani, ada ni hiyo hiyo, na leseni moja inawafunika wanafamilia wako. Rafiki asiye ndugu atalipia yake. Kwa msafara wa magari manne kule Utah inatosha kabisa, na nasema hivyo ingawa mimi ni mtu wa ridhaa.

Kuhusu likizo, uwe mwangalifu. Chaneli ya kuitana Marekani ni 146.520, na bendi yao inafika 148. Kwetu bendi inaishia 146, kwa hiyo chaneli uliyoizoea iko nje ya masafa ya ridhaa huku. Ya kuitana kwa kanda hii ni 145.500: mnaitana hapo, kisha mnahamia pengine. GMRS yenyewe ni huduma ya Marekani, iache huko. Leseni yako ya Technician nayo haikupi ruhusa ya kurusha Kenya moja kwa moja, kwa hiyo omba kibali mapema kabla ya kupanda ndege.

Tukishakuwa hewani tuseme nini? Kila mtu anaongea, hakuna anayesikika. (Msomaji, Eldoret)

Redio hizi zinapokea mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wawili wakibonyeza pamoja, mwenye nguvu anamfunika mwingine, au zote mbili zinageuka mkwaruzo. Kwa hiyo: bonyeza, subiri kama sekunde moja, ndipo useme. Wanaoanza kusema kabla ya redio kuamka hukatwa neno la kwanza, na neno la kwanza mara nyingi ndilo jina la anayeitwa. Taja anayeitwa kwanza, kisha wewe, pamoja na alama yako ya wito kama leseni inavyotaka.

Msafara unahitaji sauti mbili tu za kudumu, gari la mbele na gari la mkia. La mbele linasema kilichoko njiani: korongo, ng'ombe, lori linakuja. La mkia linathibitisha kwamba wote wamepita. Kwenye vumbi la kaskazini mwa Kenya magari hulazimika kuachana hata nusu kilomita ili dereva aone anakokwenda, na hapo ndipo redio inapolipa gharama yake. Bila redio, gari la nyuma likipata pancha, la mbele litagundua baada ya saa nzima.

Penye mwamba au mto, mambo yanabadilika. Anayemwelekeza dereva awe mmoja, na wengine wote wanyamaze. Kwa kuwa ameelekeana na gari, kushoto kwake ni kulia kwa dereva, na hapo watu wameangusha magari. Acheni kushoto na kulia. Semeni "upande wa dereva" na "upande wa abiria", haina utata hata usukani ukiwa upande wa Wamarekani. Neno moja tu liwe la kila mtu: "simama". Utingo akilisema, mtoto akilisema, dereva anakanyaga breki kwanza na kuuliza baadaye.

Gari likipinduka mbali na mtandao, redio hii itaniokoa? (Wengi wameuliza)

Itakusaidia kumfikia mwenzako aliye nyuma ya kona. Zaidi ya hapo msiitegemee, na hapa nawasihi msikilize kuliko mahali pengine popote.

Kanuni za kimataifa za redio hazimzuii aliye hatarini kutumia njia yoyote aliyonayo kuvuta usikivu. Watu wengi wakisikia hilo huona leseni haina haja. Ruhusa si tatizo. Tatizo ni kwamba ukibonyeza 145.500 katika bonde la Suguta, hakuna atakayesikia. Marekani kuna ripita nyingi juu ya milima zinazopokea sauti dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu. Kwetu ni chache, na safari ya jangwani haipangwi kwa kuzitegemea.

Mbinu za zamani za kufika mbali zilikuwa HF, mawimbi marefu zaidi ambayo hurudishwa chini na tabaka za juu za anga. Hayo ndiyo yaliyowezesha hospitali za mbali kuzungumza na Madaktari wa Angani wa AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957, wakati simu hazikufika huko. Redio ya mkononi ya UV-5R haina HF kabisa.

Kwa hiyo kila msafara unaokwenda kusiko na mtandao uwe na kifaa kimoja cha setilaiti, ama cha kutuma ujumbe kama inReach, ambacho kina malipo ya usajili, au kile cha dharura cha megahezi 406 kinachopokelewa na Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa setilaiti za uokoaji. Ukichagua cha 406, hakikisha kimesajiliwa kwa jina lako. Muachie mtu wa nyumbani ratiba, na saa ambayo akiwa hajasikia kutoka kwenu aanze kupiga simu.

Kama hamna kifaa hicho na gari limelala, tuma mtu na redio apande sehemu ya juu kabisa anayoweza kufika kwa usalama, akiwa na maji na kwa mchana. Kutoka huko anaweza kuwafikia wenzenu waliotangulia, au simu ikapata mtandao, jambo ambalo hutokea zaidi.

Betri inakaa muda gani, na vumbi je? (Msomaji, Voi)

Inategemea unavyoongea, maana kurusha kunakula umeme kuliko kusikiliza. Mkikaribiana tumieni nguvu ndogo, wati 1 inatosha. Bebeni betri ya akiba kwa kila redio na chaja ya kuchomeka kwenye tundu la dashibodi, mkiijaribu kabla ya kuondoka, kwa kuwa baadhi ya UV-5R huja na kitako cha kuchajia cha umeme wa nyumbani tu. Redio isiachwe juu ya dashibodi juani, betri za lithiamu zinaharibika kwa joto. Vumbi linaingia kwenye tundu la maiki lisilofunikwa, kwa hiyo kile kifuniko cha mpira pembeni kisining'inie wazi, na mkiwa mnaendesha mfuko mwepesi wa plastiki juu ya redio unatosha. Sauti inapita.