“Ni zito, haliendi kokote”

SWALI: Nina Nissan Leaf ya 2018, betri ya kWh 40. Ilikuja bila spea, ina pampu ndogo na chupa ya dawa ya pancha tu. Kila wiki natoka Mombasa kwenda Malindi, kwa hiyo nimenunua tairi na rimu yake nikalilaza kwenye buti. Fundi anasema ni zito, haliendi kokote. Nikiwa na wasiwasi, atatoboa sakafu alifunge kwa bolti, au alining’inize chini ya gari. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate hata moja, ndugu yangu. Kubeba spea umefanya vyema: ile dawa huziba tundu la msumari, ubavu ukichanika haina kazi.

Lakini hili la “ni zito” limenichosha. Wiki haipiti sijalisikia. Gari likigonga, gari ndilo linalosimama; tairi linaendelea na mwendo uleule, na uzito ndio unaolipa nguvu ya kupiga. Tairi lako na rimu ni kama kilo 17. Ajali ya kilomita 50 kwa saa huweza kulisukuma kwa nguvu mara 30 ya uzito wake, yaani nusu tani kwenye mgongo wa kiti. Upande wa pili wa mgongo huo anakaa nani? Nimeshafungua buti nikakuta spea imepandishwa juu ya kreti ya soda, na watoto watatu mbele yake.

Lilaze bapa, lisukume mpaka liguse kiti, na viti visikunjwe. Pitisha mkanda wa kukazia mizigo kwenye matundu ya rimu, ushike ringi za chuma zilizofungwa kwenye bodi. Vile vindoano vya plastiki ni vya mfuko wa sokoni. Likivutwa kwa nguvu, gari litikisike, tairi litulie. Jeki na spana navyo vifungwe.

Kutoboa? Betri yako ina volti 350 hivi. Iko chini ya viti, si chini ya buti, lakini fundi anayeshika drili kabla ya kuinama kutazama kilichopo chini simwamini hata kwa waya wa redio. Na tairi la kuning’inia litakutana na tuta la kwanza.

Ni mafundi haohao wanaouza rimu kwa kuhesabu matundu: “tano kwa tano, inaingia.” Rimu nyingi za Toyota zina matundu matano kwenye duara lilelile la Leaf, la milimita 114.3, ila tundu la katikati ni 60.1, na habu ya Leaf, kile kitovu ambacho rimu huvalia, inataka 66.1. Haikai. Wengine huisaga kwa grainda, kisha nati zinalegea njiani. Kwa hiyo tairi lako la spea livalishe nyumbani kwanza, mchana, na jeki uiweke kwenye ukingo wa bodi ulipowekewa alama. Ukiiweka chini ya betri, utajuta kuliko pancha yenyewe.