Mpira hautulii, wanafunzi wamekwama

SWALI: Mambo vipi, nafundisha uinjinia, somo la kontrol (kufanya mashine ijirekebishe yenyewe). Vijana wangu Laplace, yale mahesabu ya somo hili, wanaikokotoa freshi tu ila wakishika mota wanabaki kutoa macho. Niwape projekti gani?

JIBU: Mwalimu, wape mpira juu ya reli, mota ya servo inaiinamisha reli, sensa inapima mpira uko wapi, kazi ni kuutuliza mpira kwenye lengo, basi. Kontrola yao ni ya PID, vipande vitatu. Waanze na P peke yake (inasahihisha kulingana na kosa, yaani mpira uko mbali kiasi gani na lengo), mpira utaenda na kurudi hata wachezee geini, yaani ukali wa kusahihisha, vipi, na hapo usiwaokoe haraka, waache wahangaike mpaka mmoja aulize mbona hatuangalii spidi yake, ndo D hiyo, kipande kinachoangalia spidi, imejileta yenyewe (D nayo itakuza kelele za sensa, yaani vipimo kurukaruka, servo itatetemeka, wataomba filta ya kuzichuja wenyewe). I, inayojumlisha kosa kadiri muda unavyokwenda, iache mwisho: reli ikiwa imeinama kidogo upande mmoja mpira unatulia pembeni ya lengo, I inaurudisha. Halafu kuna kamchezo nakapenda sana, ushike mpira kwa mkono sekunde kumi hivi I ikiwa imewashwa, uachie, uone unavyopitiliza lengo, kosa lilikuwa linajumlishwa muda wote huo. Mahesabu yarudi baada ya hapo, sio kabla.