Taa ya mbele inaingiza maji: kabla hujaifungua, na namna ya kuifunga isivuje tena

Mkuu, umeuliza kuhusu taa ya kushoto ya Toyota IST inayojaa mvuke kila mvua ikinyesha. Fundi mmoja anataka kuitoboa kwa chini maji yatoke, mwingine anataka kuizungushia silikoni. Nakuomba usikubali hata mmoja. Nimefungua taa za gari zangu na za ndugu na majirani, nyingi zikiwa Toyota, na zinazonisumbua zaidi ni zile ambazo zimeshapitiwa na silikoni ya dukani.

Kwanza hakikisha kweli inavuja. Ukungu mwembamba asubuhi, unaokauka ukiwasha taa kwa muda kidogo, ni kawaida, kwa sababu taa imetengenezwa ipumue. Nyuma ya bodi ya taa, yaani lile ganda la plastiki linaloshika balbu, kuna vipumulio: vimpira vilivyopinda au vifuniko vidogo vyenye sponji ndani. Vikiziba tope, unyevu unakosa pa kutokea. Vikichomoka, maji yanaingia moja kwa moja. Halafu angalia ule mpira mkubwa unaofunika balbu kwa nyuma. Watu wengi wakifunga balbu za LED zenye feni, mpira haukai tena, basi wanautupa, kisha wanahangaika na gundi ya mbele inayoshika kioo, isiyo na kosa lolote. Ukikuta tatizo ni hapo, umemaliza kazi bila kufungua kitu. Na kama shida yako ni kioo kuwa cha njano, hiyo iko upande wa nje, jua limekula koti la juu. Inasuguliwa na kupakwa koti jipya taa ikiwa imefungwa vilevile.

Sasa kama matone yanatembea ndani au maji yametuama chini, fungua, yaani tenganisha kioo na bodi.

Kabla ya kutoa taa, egesha gari mahali tambarare ukitazama ukuta, washa, uweke selotepu pale mwanga unapokatika. Alama hiyo utaihitaji mwishoni. Chomoa waya hasi wa betri. Kwa wenye Crown au Harrier zenye taa za xenon (balbu za gesi), hili si la hiari: balasti, kile kifaa kinachoipa balbu umeme, inapowasha balbu inatoa volti zaidi ya 20,000. Gari nyingi lazima bampa ishuke, kwa hiyo bandika selotepu ya karatasi kwenye kona za rangi. Taa ikishatoka, toa balbu, mipira, skrubu zote za pembeni na vile vibano vya chuma. Skrubu moja ikisahaulika, utavuta mpaka sikio la plastiki likatike.

Taa nyingi za Kijapani zimefungwa kwa gundi ya butili, nyeusi, isiyokauka kabisa. Inalainika kwa joto. Pasha oveni ya umeme hadi nyuzi 100, izime, tanguliza ubao au kitambaa kinene juu ya wavu wa oveni, kisha weka taa humo dakika 7 hadi 10. Usiende juu sana ya hapo, bodi ni plastiki ya polipropilini na inaanza kulegea mapema kabla ya kuyeyuka. Kama huna oveni, blowa ya hewa moto ya mafundi wa stika inafaa, ila itembeze muda wote, usiisimamishe sehemu moja.

Bonyeza gundi kwa kijiti. Ikibonyea na kunata, endelea. Ikiwa ngumu na inameguka, acha kabisa. Hiyo ni gundi ya aina nyingine, ipo kwenye gari nyingi za Ulaya na baadhi ya matoleo mapya. Hailegei kwa joto, na ukilazimisha utapasua kioo.

Anza kwenye kona, kwa bisibisi pana iliyofungwa selotepu, ukiegemea bodi na siyo kioo. Ipe gundi muda. Utaona inavutika nyuzi nyuzi nyeusi kama ubani uliotafunwa. Zikate kwa mkasi moja moja, kwa sababu uzi ukidondokea kwenye rifleta, lile bakuli linalong'aa ndani ya taa, umepata kazi nyingine. Taa ikipoa na kukaza, irudishe kwenye joto, mabavu hayasaidii.

Ukishafungua, mikono mbali na rifleta. Ule mng'ao ni utando mwembamba sana wa alumini, ukipangusa kwa kitambaa tu unatoka. Puliza vumbi kwa hewa, basi. Kioo chenyewe kioshe kwa maji na sabuni laini, kitambaa kisichokwaruza, kisha kikauke kabisa. Tina, petroli na asetoni visikiguse, kwa sababu kioo hicho ni plastiki ya polikaboneti, ikipata hivyo inatoa nyufa ndogo ndogo zisizoondoka.

Kazi yenyewe hasa ni mfereji, ule wa kwenye bodi ambamo ukingo wa kioo unakaa na gundi yake. Kama taa ilikuwa inavuja, usiongeze gundi mpya juu ya ya zamani. Pasha mfereji kidogo kidogo, ing'oe kwa bisibisi, na mabaki yaliyogoma yanase kwa kidonge cha gundi ileile, ukigusa na kunyanyua. Maliza kwa spiriti. Silikoni nimeikataa kwa sababu tatu. Polipropilini haishikani nayo vizuri, hivyo baada ya muda inabanduka na maji yanarudi. Ile yenye harufu ya siki inatoa mvuke wa asidi ikiwa inakauka, na mvuke huo unashambulia rifleta. Na siku ukitaka kufungua tena, joto haliilainishi.

Tafuta gundi ya butili ya kamba, unene wa milimita 9 hivi. Ilaze mfereji mzima bila kuivuta, kwani ikivutwa inakuwa nyembamba na hapo ndipo patakapovuja. Mwanzo na mwisho vipishane kidogo, uvisukume kwa kidole mpaka viwe kitu kimoja. Pasha bodi tena, weka kioo, kandamiza kwa klempu ukizunguka pande zote, rudisha vibano na skrubu wakati ingali moto. Gundi ikijitokeza sawasawa pande zote, umepatia. Pakiwa pakavu upande mmoja, pasha na ukandamize upya.

Jaribu kabla ya kuifunga kwenye gari. Rudisha balbu na mipira yake, ziba vipumulio ubakize kimoja, paka povu la sabuni kwenye kiungo, kisha puliza taratibu kwa mdomo kupitia kile kilichobaki. Mapovu yakitoka yatakuonyesha penyewe. Kompresa usitumie, itafumua kazi yako. Zibua vipumulio vyote, mwaga maji ya bomba juu yake, iache kidogo, uangalie ndani.

Hiyo ya kutoboa chini, tairi ndilo litakalokujibu: linarusha maji na tope juu, yanaingia kwa tundu hilohilo.

Ukisharudisha taa, egesha palepale ulipoanzia, mzigo uleule ndani ya gari, ulinganishe mwanga na ile selotepu. Ukiwa juu ya alama, shusha kwa skrubu ya kurekebishia iliyo nyuma ya taa, maana wenzako wanaokuja mbele yako usiku wataumia macho. Na ukifungua ukakuta rifleta imebabuka, usipoteze gundi, tafuta taa nyingine ya mtumba iliyo nzima. Ukifika kwenye mfereji piga picha uiweke hapa, nikuambie kama umetoa gundi ya kutosha.