Kabla ya Kusema Ni Mzuka, Kagua Nyaya

Mimi ni fundi umeme. Kazi hii niliianzia Tanga, na sasa naifanya Uingereza, ambako majumba yaliyojengwa karne mbili zilizopita bado yanakaliwa na watu, na ambako kuwinda mizuka ni shughuli ambayo watu hulipia kiingilio: kikundi hukodi jumba la kale kwa usiku mmoja, hugawana tochi, vinasa sauti na vipimo vya uga wa sumakuumeme, yaani eneo ambalo nguvu ya umeme na sumaku inafika, kisha huzunguka gizani hadi alfajiri. Vikundi hivyo hupenda kuwa na mtu anayejua umeme, nami nimekuwa nikialikwa mara kwa mara. Naandika kwa sababu vipimo hivyohivyo vinaagizwa mtandaoni na kufika Dar es Salaam na Nairobi, na jamaa zangu wa nyumbani wameanza kuniuliza kama taa nyekundu ikiwaka chumbani maana yake chumba kina jini.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kipimo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya marehemu. Kinapima uga wa sumaku unaobadilikabadilika, ambao huzunguka kila waya unaopitisha umeme wa majumbani. Uhusiano wa mkondo wa umeme na sumaku umejulikana tangu mwaka 1820, pale Hans Christian Ørsted alipoona sindano ya dira ikicheza karibu na waya wenye mkondo. Umeme wa Uingereza, kama wa Tanzania na Kenya, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na wa Marekani mara 60. Kipimo kimetengenezwa kusikia mwendo huo. Dunia yenyewe ni sumaku yenye uga wa takriban maikrotesla 25 hadi 65, yaani miligausi 250 hadi 650, lakini kwa kuwa uga huo umetulia, kipimo cha kawaida hakiuoni kabisa. Kwa hiyo kipimo kikipanda ghafla, swali la kwanza ni hili: umeme uko wapi?

Kifaa kinachopendwa na vikundi vingi ni K-II, kisanduku cha kushika mkononi chenye taa tano zinazoanzia kijani na kuishia nyekundu. Hakionyeshi namba, taa ya mwisho huwaka uga unapozidi miligausi 20, basi. Matoleo yake ya awali yalifanya kazi kwa kubonyezwa kitufe bila kukiachia, na watu waliochoka kubonyeza walikuwa wakichomeka sarafu ili kitufe kibaki chini. Nimewahi kushika kimoja chenye sarafu ya namna hiyo katika chumba kisicho na waya hata mmoja, nikaisukuma sarafu kidogo kwa kidole gumba, na taa zikarukaruka mbele ya macho ya watu ambao dakika chache kabla walikuwa wakizisalimia. Kama unanunua, nunua kinachoonyesha namba na kinachopima pande zote tatu kwa pamoja, kwa sababu kile kinachopima upande mmoja hubadilisha usomaji kwa kugeuzwa mkono tu.

Ushauri wangu mkubwa ni kulipima jengo mchana, kabla ya giza na kabla ya hofu. Chora ramani ya kila chumba kwenye karatasi, tembea polepole na kipimo kikiwa kimo cha kifua, kisha andika usomaji katika kila kona, karibu na soketi, friji, pampu na bodi ya fyuzi. Halafu mwombe mwenye nyumba azime meinswichi, urudie mzunguko uleule. Kinachotoweka kilikuwa cha nyumba. Kinachobaki mara nyingi kinatoka nje: kebo iliyozikwa chini ya sakafu, transfoma ya mtaani, au bomba la chuma la maji lililounganishwa na ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini), ambalo linaweza kubeba mkondo wa kurudi wa jirani bila mtu yeyote kujua.

Katika nyumba za Kiingereza, ngazi ndizo zinazosifika kwa mizuka kuliko mahali pengine, na ni kwenye ngazi hizohizo ninapokuta kosa moja la umeme tena na tena. Taa ya ngazi huwashiwa chini na kuzimiwa juu. Fundi wa zamani, ili kuokoa waya, alichukua laivu, waya unaoleta umeme, kutoka kwenye saketi ya taa za chini na nyutro, waya unaourudisha, kutoka kwenye saketi ya taa za juu. Kwa kawaida laivu na nyutro hupita pamoja ndani ya kebo moja, na kwa kuwa mkondo unaokwenda ni sawa na unaorudi, uga wa waya mmoja huufuta wa mwenzake. Ukisogea kidogo tu, kipimo kinanyamaza. Njia zikitengana, nyaya hizo huwa kitanzi kikubwa kinachozunguka ngazi nzima, wala hakuna tena wa kumfuta mwenzake. Balbu ya zamani ya wati 100 huvuta chini ya nusu ampea, lakini hata mkondo huo mdogo unatosha kuwasha taa ya tatu ya K-II kwa mtu anayepanda akiwa amekaribia ukuta. Taa ikizimwa, uga unatoweka mara moja, na mtu asiyejua husema kwamba alichokuwa akifuatana nacho kimeondoka.

Kosa hilo linanihangaisha kuliko mizuka yote. Fundi atakayezima saketi ya juu akiamini amekata umeme, huku taa ya ngazi ikiwa imewashwa kutoka chini, anaweza kushika nyutro yenye umeme na kuuawa. Nilipolionyesha kwa mara ya kwanza mbele ya kikundi, baadhi walinuna kwamba nimewaharibia usiku, ilhali mwenye nyumba alikuwa na watoto wanaopanda na kushuka pale kila siku.

Simu zizimwe kabisa na ziachwe kwenye gari. Simu iliyo mfukoni huzungumza na mnara hata isipoguswa, na redio za mkononi ni mbaya zaidi, kwani kubonyeza kitufe cha kusemea mara moja kunaweza kuwasha taa zote za kipimo kilicho karibu.

Hapo ndipo ninapowasihi wasomaji waachane na desturi ya kukiuliza kipimo maswali, kwamba taa ikiwaka mara moja ni ndiyo na ikiwaka mara mbili ni hapana. Nilikuwepo mama mmoja aliyefiwa na mumewe alipomuuliza marehemu kama amemsamehe. Taa iliwaka, mama akalia kwa furaha, kila mtu akashusha pumzi. Baadaye tulikuta simu ikiwa hai ndani ya mkoba uliokuwa chini ya kiti chake. Fikiria kama taa ingekaa kimya. Mfiwa hapaswi kupewa jibu la maisha yake na mawimbi ya simu, na kiongozi wa kikundi ana wajibu wa kulikataa swali la namna hiyo kabla halijaulizwa.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili na kudai kwamba uga wenyewe ndio unaotekenya ubongo hadi mtu aone vivuli. Dai hilo lilipata nguvu kutokana na Michael Persinger wa Chuo Kikuu cha Laurentian, Kanada, aliyewavika watu kofia yenye sumaku dhaifu, na wengi wakasema wamehisi kuna mtu karibu nao. Mwaka 2005 Pehr Granqvist na wenzake wa Uppsala, Sweden, walilirudia jaribio hilo bila washiriki wala wasimamizi kujua nani amewashiwa uga, na hawakupata athari yake. Waliohisi mambo ni wale walio wepesi kuathiriwa na wanachotarajia. Mwaka 2009 Christopher French na wenzake wa Goldsmiths, London, waliwaingiza watu 79 mmoja mmoja katika chumba kilichotegwa uga wa sumakuumeme na sauti nzito zisizosikika. Wengi walihisi kitu, lakini hisia zao hazikufuata kuwashwa wala kuzimwa kwa mitambo. Basi usimwambie mwenye nyumba kwamba nyaya zake zinamtia wazimu. Taa nyekundu ya K-II huanza kwenye maikrotesla 2, ilhali kikomo kilichopendekezwa mwaka 2010 na tume ya kimataifa ya ICNIRP kwa raia wa kawaida ni maikrotesla 200 kwa umeme wa hezi 50, yaani unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde.

Kinachoweza kweli kumfanya mtu asikie hatua za miguu na kuona watu wasiokuwepo ni monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayotokana na moto usiopata hewa ya kutosha. Mwaka 1921 daktari wa macho William Wilmer wa Marekani aliandika kisa cha familia iliyosumbuliwa na mizuka nyumbani mwao, wakiumwa vichwa huku mimea yao ikinyauka, hadi ilipogunduliwa kwamba tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu. Hapa Uingereza naangalia boila, mtambo wa kupashia maji na nyumba joto. Huko nyumbani ningeuliza kwanza kuhusu jiko la mkaa linaloachwa ndani usiku wa baridi, au jenereta iliyo chini ya dirisha. Kengele ya gesi hiyo ni ya kununua kabla ya kipimo chochote cha sumaku. Ikilia, toeni watu wote nje, wazee na watoto kwanza, kisha mwiteni fundi.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, mwachie mwenye nyumba nakala ya ramani yako yenye namba zote, zile za umeme ukiwa umewashwa na zile za umeme ukiwa umezimwa, na umwekee alama pale unaposhuku kosa. Usifungue bodi wala soketi kama si fundi mwenye leseni. Pale ambapo usomaji umebaki bila maelezo baada ya kukagua yote hayo, andika tarehe, saa, mahali na namba, kisha acha nafasi ya sababu ikiwa tupu.