Maswali ya Kombe: Kwa nini Coastal hawakwenda Afrika?

Wiki hii barua nyingi zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote ni za Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania, lile ambalo wengi bado tunaliita FA.

Mwaka 2022 Coastal Union walicheza fainali na Yanga hapa Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mbona nafasi ya mashindano ya Afrika waliikosa? (Njiro)

Ndugu yangu, bingwa wa kombe hili hupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Sasa Yanga walikuwa wameshabeba ligi bila kupoteza mchezo, safari yao ikawa ya Ligi ya Mabingwa. Tiketi iliyobaki haimwangukii aliyefungwa fainali, inarudi kwenye msimamo wa ligi. Ndiyo maana waliokwenda Kombe la Shirikisho Afrika ni Azam na Geita Gold, wa tatu na wa nne kwenye ligi. Inauma, kwa sababu Abdul Suleiman 'Sopu' wa Coastal alitupia mabao matatu peke yake siku ile! Ilikuwa 3-3 hadi dakika ya 120, kisha Yanga wakashinda kwa matuta (penalti) 4-1. Hata hivyo kanuni naiunga mkono: aliyehangaika mechi 30 asipitwe na aliyecheza chache. Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, mnisamehe.

Kombe limebadilishwa jina? (Sakina)

Mdhamini tu. Azam Sports aliachia, benki ya CRDB ikaingia msimu wa 2023/24.

Arusha tunaletewa fainali wakati timu zinazocheza si zetu. Kwa nini? (Ngarenaro)

Kwa sababu uwanja hauangalii nani kafika. TFF, shirikisho la soka nchini, ilikuwa ikiizungusha fainali mikoani: Dodoma 2017, Arusha 2018 (Mtibwa 3-2 Singida United, na mechi ile ilikuwa tamu kuliko wengi wanavyokumbuka), Lindi, Sumbawanga, Kigoma, halafu Arusha tena.

Timu ya daraja la chini inaweza kweli kumtoa kigogo? (Majengo, Moshi)

Waulize Simba. Desemba 2017, wakiwa mabingwa watetezi, Green Warriors wa daraja la pili waliwatoa kwa matuta. Mwaka uliofuata Mashujaa wa Kigoma, nao daraja la kwanza (chini ya Ligi Kuu), wakawapiga 3-2 Dar es Salaam. Kigogo hupumzisha nyota wake akidhani amepata mteremko, na marudiano hakuna. Mashujaa walipopanda Ligi Kuu wakawatoa Simba tena, Aprili 2024, safari hii kwa matuta.