Mtumishi, rudisha hizo hela za watu leo hii

Rudisha hizo hela. Leo, kabla hujalala. Salamu tutapeana baadaye.

Nimeusoma uzi wako mara mbili. Mchungaji kijana, kanisa la Baptisti uswahilini Dar, nyumba za washirika na majirani zimepigwa X nyekundu kupisha barabara. Unauliza utagawaje muda kati ya mahubiri na kazi ya mtaani, kama ni sawa kuyasema haya madhabahuni, mkeo umwambie nini, na kama kanisa likupe posho ya kuzunguka maofisini. Halafu mwishoni, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, unatupia: "wananchi wamenichagua mwenyekiti wa kamati, wameanza kutuma michango ya wakili kwenye namba yangu, na hati zao wananiletea nizitunze." Mkuu, chai yangu ilipoa hapo hapo.

Mimi nilishakuwa wewe. Miaka tisa iliyopita, mtaa mwingine wa jiji hilo hilo, X za rangi ile ile. Kaya 73, kila moja elfu hamsini. Piga hesabu mwenyewe: milioni tatu laki sita na nusu, zote kwenye simu yangu, laini ile ile niliyokuwa nanunulia luku. Nilinunua daftari la kaunta, nikapiga mistari kwa rula, nikajiona Nehemia. Kabati la kanisa lilikuwa na kufuli moja, na ufunguo nilikaa nao mimi.

Hela siyo iliyoniua. Hela ungeweza kukopa ukalipa, na nililipa, nilimaliza mwaka wa nne. Kilichoniua ni makaratasi.

Kuna mama mmoja muuza vitumbua alinikabidhi karatasi yake ya mauziano ya mwaka 1987. Ilikuwa imekunjwa mara nne, mkunjo wa katikati umeunganishwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya asali, na chini kuna dole gumba la muuzaji kwa wino wa zambarau. Aliitoa kwenye kitenge, akaipanguza kwa kiganja kabla ya kunipa. Nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikaandika jina lake kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilifanya hivyo kwa kaya zote zilizokuwa na chochote cha kuonyesha: leseni za makazi, risiti za kodi ya jengo, barua za serikali ya mtaa. Nakala halisi, mtumishi. Wala sikutoa kopi, kwa sababu mashine ya jirani ilikuwa haina wino siku hiyo na mimi nilikuwa na haraka ya kutetea wanyonge.

"Wakili" aliletwa na shemasi mmoja. Suti nyeusi jua la Februari, begi la ngozi, mihuri miwili. Tulipoomba, alifumba macho kwa nguvu kuliko mimi. Nikasema huyu ni mtu wa Mungu. Alikuwa kishoka. Hajawahi kuapishwa popote zaidi ya kwenye harusi yake, kama nayo ilikuwepo. Akasema anahitaji nyaraka zote ili akasajili kesi ya pamoja. Nikambebea hadi kwenye bajaji. Mimi mwenyewe. Mikono hii.

Miezi mitano anatuambia kesi inaendelea, jaji yuko likizo, faili liko kwa mpiga chapa. Siku moja nikafunga safari hadi masijala ya mahakama. Karani akaperuzi, akaperuzi tena, akaniangalia kwa huruma ya makarani, ambayo si nyingi. Hakuna shauri la namna hiyo. Akanielimisha pale pale dirishani, bure: ukitaka kuishtaki Serikali unaanza na notisi ya siku 90, na watu wengi wakitaka kushtaki kwa mgongo wa wachache ni lazima kwanza mahakama itoe ruhusa, majina yote yakiwa yameorodheshwa. Notisi haikuwahi kupelekwa. Ruhusa haikuwahi kuombwa. Nikapiga simu kwa kishoka nikiwa bado kwenye ngazi. Haipatikani. Mpaka leo haipatikani, nami huwa naijaribu kila mwaka mpya, kama ibada.

Sasa sikiliza kilichofuata. Uhakiki wa wenye nyumba ukaja. Watu wa uchochoro wa pili, wale tuliowacheka kwa kugoma kujiunga na kamati yetu, walikaa kwenye benchi na makaratasi yao ndani ya mifuko ya rambo, wakaitwa mmoja mmoja. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakuhesabia fidia ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, usafiri, hata makazi ya muda. Lakini pale mezani yote hayo yanaanza na swali moja: karatasi yako iko wapi? Watu wangu walijibu, "iko kwa mchungaji." Wakaandikwa kwenye orodha ya wenye kasoro. Wachache walikuja kuokolewa na majirani walioapa viapo. Mama wa vitumbua muuzaji wake alishafariki, na mashahidi wake wawili pia.

Jumapili saba mfululizo alikaa benchi la mbele. Baada ya baraka anakuja kunishika mkono, ananiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba Mchungaji, karatasi yangu?" Hakuwahi kufoka. Ningempa mshahara wa mwaka afoke.

Na hapa niseme kuhusu yule bwana aliyetuendeshea semina ya "kanisa na haki ya jamii" siku tatu hotelini, chakula cha bafe. Alitufundisha mchungaji ni sauti ya wasio na sauti, tusingoje taratibu, "Mungu ndiye mweka hazina wako." Baba, Mungu hatoi risiti! Polisi waliniuliza risiti, nikabaki nayo hiyo aya. Tena alituambia tuwe kama Martin Luther King, yule mtetezi wa haki za watu weusi Marekani, Mbaptisti mwenzetu, mchungaji wa mjini. Nikaenda kumsoma King baada ya kuharibu, badala ya kabla. Unajua nilikuta nini? Watu weusi wa Montgomery, mji wa jimbo la Alabama, walipogoma kupanda mabasi yenye ubaguzi, King alikuwa rais wa umoja wao. Mweka hazina alikuwa mtu mwingine, E. D. Nixon. Na kesi iliyokuja kuua ubaguzi kwenye yale mabasi mwaka 1956 haikuwa na jina la King. Ilibeba majina ya wanawake wanne waliosumbuliwa ndani ya mabasi wenyewe, Aurelia Browder akitangulia, na wakili wao Fred Gray alikuwa wakili kweli kweli. Pamoja na tahadhari zote hizo, mwaka 1960 Alabama bado ilimshtaki King kwamba amedanganya kwenye kodi, yaani amekula michango. Baraza la wazee wa mahakama, wazungu watupu, likamwachia. Yeye aliyekuwa na mweka hazina alifikishwa kizimbani. Mimi na wewe wenye daftari la kaunta tutapona wapi?

Kumbuka pia sisi Wabaptisti hatuna askofu wa kukuhamishia Singida mambo yakiharibika. Washirika ndio waliokuita, washirika ndio watakaokutoa, kwa kunyoosha mikono, wewe ukiwa umekaa pale mbele unahesabu. Nilibaki kwa tofauti ya kura nne. Moja ya mke wangu, na alichelewa kuunyoosha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii moja, nimeilipia: kanisa litoe mabenchi, mchungaji asitoe mfuko. Fungua mlango, toa viti, pika chai, acha ufunguo wa choo. Simama nao ofisini, paza sauti, andika barua kwa jina la kanisa ukitaka. Lakini shilingi yao na karatasi yao visipite mkononi mwako hata kwa dakika tano. Mwenyekiti awe mwenye nyumba iliyopigwa X. Wakili akikubaliwa, kila mtu alipe ofisini kwa wakili huyo na apewe risiti yenye jina lake. Kila mtu atoe kopi yake mwenyewe, halisi arudi nayo chini ya godoro lake. Na jina la wakili likaguliwe kwanza kwenye mfumo wa Mahakama, siku hizi upo mtandaoni, ni kuandika jina tu. Wasio na uwezo waende kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa. Sheria ya 2017 inawatambua na huduma yao haina malipo. Wakikudai "hela ya kufungulia faili", kimbia.

Watakuambia wanakuamini wewe tu. Nami waliniambia. Hiyo ni sifa tamu, na ndiyo inayoua.

Kuhubiri, hubiri bwana, nabii Amosi aliyekemea uonevu wa maskini yupo. Ya mkeo na ratiba sikumbuki ulivyouliza na sina nguvu ya kupanda juu kusoma tena. Posho usichukue.

Una majina mangapi mpaka sasa kwenye simu? Anza na aliyetuma wa kwanza, makato ya kurudisha uyalipe wewe, usimkate mtu mia. Hati zirudishe mkononi kwa mwenyewe, asaini kwamba amepokea. Saa hizi ni kumi na moja jioni, mawakala bado hawajafunga.